Ng'ombe Yangu

Katika nyanda za juu za Nandi, saa ilisomwa kwa mifugo kabla ya kusomwa ukutani. Palikuwa na wakati wa kukama, wakati wa kuwapeleka ng'ombe kulamba chumvi, wakati wa mbuzi na kondoo kuingia, na wakati wa ng'ombe wenyewe kurejea bomani. Mtoto aliyezaliwa katika mojawapo ya nyakati hizo alilichukua jina lake. Kiprotich au Cherotich alikuja duniani ng'ombe walipokuwa wakirudi nyumbani. Kiprono au Cherono alizaliwa mbuzi na kondoo walipokuwa wakiingia jioni. Jina la Kipngeno au Chepngeno lina ladha ya chumvi ya machungani. Leo orodha za wanafunzi katika vyuo vikuu vya Kenya zimejaa majina hayo, na aghalabu wanaoyabeba walizaliwa hospitalini, chini ya taa za umeme, katika saa ambayo hapakuwa na ng'ombe yeyote aliyekuwa akirejea popote. Jina limebaki na saa yake ilhali mfugo ametoweka.

Mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini Kapsabet, katika boma lililozungukwa na majani chai na mahindi, aliishi bikizee mmoja ambaye hakuwahi kuikubali kalenda. Wajukuu walimwita kogo, yaani nyanya. Kalenda ilikuwapo ukutani, zawadi ya duka la pembejeo, lakini aliitundika kwa sababu ya picha yake. Ukimwuliza kifungua mimba wake alizaliwa lini, alikujibu kwamba ni mwaka ambao Madoa alizaa mara ya pili. Binti yake wa tatu aliolewa Kipaji angali mtamba. Mumewe alifariki majuma mawili baada ya Mawingu kukauka maziwa. (Majina hayo yametafsiriwa hapa, ng'ombe wenyewe waliitwa kwa Kinandi, na iliaminika bomani humo kwamba wasingeitika kwa lugha nyingine.) Wanawe waliosoma waliucheka utaratibu huo. Hata hivyo, ilipowabidi kujaza fomu za kuombea vyeti vya kuzaliwa, walirudi kwake na kalamu mkononi, wakawa wanahesabu mimba za ng'ombe kinyumenyume, miezi tisa baada ya miezi tisa, mpaka wakaifikia tarehe ambayo afisa wa serikali angeikubali.

Madoa ndiye aliyekuwa mwanzo wa kila kitu. Mume wa bikizee huyo alikuwa mkamaji katika shamba la mlowezi mmoja huko Uasin Gishu. Kwa miaka mingi aliamka saa kumi alfajiri kuwakama ng'ombe wa gredi ambao yeye mwenyewe hakuwa na nafasi ya kuwafuga. Ni Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliowafungulia wakulima Waafrika mlango wa mazao ya biashara na mifugo ya kigeni, na hata hapo mlango wenyewe ulifunguliwa nusu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 na baadhi ya walowezi wakaanza kuuza mali zao, mkamaji yule alinunua mtamba mmoja chotara, mwekundu mwenye mabaka meupe, akamswaga kwa miguu hadi nyumbani. Safari hiyo ilichukua siku tatu. Alilala kando ya mtamba wake usiku wa kwanza na wa pili, kamba ikiwa imefungwa kiganjani, kwa kuwa mtu aliyemkama ng'ombe wa mwingine nusu ya umri wake haamini upesi kwamba huyu ni wake.

Ng'ombe wa kienyeji walikuwamo zizini kabla ya Madoa, nao walikuwa na historia yao nzito zaidi. Mama mkwe wa bikizee huyo alipenda kusimulia habari alizorithi kwa wazazi wake: sotoka iliyowafyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, kisha jeshi la Waingereza lililopelekwa Nandi mwaka 1905, mwaka ambao Koitalel arap Samoei aliuawa, na maelfu ya ng'ombe waliotekwa nyara. Katika simulizi zake, ng'ombe waliotekwa walitajwa mmoja mmoja kwa rangi ya ngozi na umbo la pembe, kana kwamba wangeweza kupita njiani kesho wakatambuliwa. Ilikuwa orodha ya waliopotea, na watoto waliisikiliza wakiwa wameketi karibu na moto, wasijue kwamba walikuwa wakisomewa somo la historia.

Bomani humo kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote. Maziwa ya asubuhi yalikuwa ya baba; maziwa ya jioni yalikuwa ya mama. Ya asubuhi yalimiminwa mtungini na kupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, ambako karani aliyatumbukizia laktomita yake, akainama kuisoma, na kuandika idadi ya lita katika kijitabu. Pesa zake zilimfikia baba mwisho wa mwezi. Ya jioni hayakutoka nje ya ua. Mama aliyagawa atakavyo: haya ya chai, haya ya mtoto, haya ya jirani aliyejifungua, na yaliyosalia yalitiwa kibuyuni ili yagande yawe mursik. Kibuyu chenyewe kilisuguliwa kwanza ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet, hadi ukuta wake ukawa mweusi na harufu ya moshi ikakolea. Mtu asiyejua humwaga mursik akidhani umeingia majivu. Kwa desturi iyo hiyo, ng'ombe aliyetengewa nyumba ya mke hakuwa wa mume kumhamisha apendavyo. Aliwalisha watoto wa nyumba hiyo, na uzao wake ulikuwa wao. Madoa alitengewa nyumba ya bikizee yule. Hapakuwa na hati wala shahidi mwenye sahihi. Palikuwa na maziwa ya jioni, na kila mtu aliyewahi kuyanywa alikuwa shahidi.

Kuna namna ya kuandika juu ya maisha ya mashambani ambayo imezoeleka mno katika insha: jogoo anawika, umande unang'aa, ng'ombe wanalia kwa furaha. Aliyelelewa zizini hana budi kutabasamu. Ng'ombe halii kwa furaha. Hulia kwa njaa, kwa kutafuta ndama, au kwa sababu kiwele kimemjaa na mkamaji amechelewa. Umande huo unaong'aa ndio uliowapasua watoto wa boma hilo nyayo, maana walikwenda machungani peku. Kitindamimba alipoteza muhula mzima wa darasa la nne kwa kuchunga, kwa sababu kaka zake walikuwa shule ya bweni na ng'ombe hawana likizo. Teke la Kipaji lilimvunja binti wa pili kidole cha mkono, na hadi leo hushika kalamu kwa namna yake ya pekee. Haya nayo ni maziwa. Anayetaka kuyasifu anapaswa kuyasifu pamoja na kidole hicho.

Mwaka 1979 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa wanafunzi wa shule za msingi maziwa, yale yaliyokuja kuitwa maziwa ya Nyayo. Pakiti zake zilikuwa za pembetatu, na watoto wa mjini walizipokea kwa shangwe. Watoto wa boma hili walizitazama kwa mashaka. Yalikuwa maziwa yasiyokuwa na harufu ya moshi wala ya ng'ombe anayejulikana kwa jina. Mmoja wao alirudi nyumbani na pakiti yake akampa mama yake aionje, ili aseme ni ya nani. Mama alionja, akafikiri, akasema kwamba humo mnaweza kuwamo tone moja la Kipaji, kwani ya Kipaji yalichukuliwa kituoni juma lililotangulia. Jibu hilo lilimtosha mtoto. Akanywa.

Ukame wa mwaka 1984 uliwakuta na ng'ombe wanne wa ukoo wa Madoa. Mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka ng'ambo yalifika madukani, na waliokula ugali wake bado huukunjia uso wanapoukumbuka. Ng'ombe walilishwa migomba iliyokatwakatwa. Walikonda, lakini walivuka.

Kilichowashinda kilikuja baadaye, na hakikuja kwa ngurumo. Mwaka 1992 serikali iliondoa udhibiti wa bei ya maziwa, na biashara yake ikafunguliwa kwa kila mwenye uwezo. Katika miaka iyo hiyo huduma nyingi za mifugo ziliachwa mikononi mwa wanavijiji wenyewe. Josho la kijiji, ambalo kila juma ng'ombe walitumbukia humo wakaibuka wakitoa matone ya dawa, lilikabidhiwa kamati. Kamati ilikusanya pesa, kisha ikakusanya nusu ya pesa, kisha haikukutana tena. Dawa ilipungua makali hadi ikawa maji ya kawaida yenye rangi. Hatimaye josho lilikauka, na watoto wakaligeuza mahali pa kuchezea. Kupe hawakuhitaji kamati.

Ndigana kali humpiga ng'ombe wa gredi kwa namna isiyompiga wa kienyeji. Tezi chini ya sikio huvimba, homa hupanda, pumzi hugeuka mkoromo, na mwishowe povu hutoka puani. Madume mawili yalikufa. Mawingu alikufa. Mtamba wake, aliyekuwa karibu kupandishwa, alikufa siku ya nne baada ya mama yake. Ndani ya mwezi mmoja na nusu zizi lilibaki na ng'ombe mmoja wa kienyeji, mzee, ambaye aliendelea kucheua kana kwamba hakuna lililotokea. Kijitabu cha karani wa maziwa kilibaki na kurasa tupu. Mume wa bikizee, ambaye tayari alikuwa mgonjwa, hakuwa tena na hamu ya kutoka nje, na hakuuona mwaka uliofuata.

Hapa ndipo desturi nyingine ya kale ilipofanya kazi yake. Wafugaji wa Nandi tangu zamani hawakuwaweka ng'ombe wao wote mahali pamoja. Mmoja aliwekwa kwa rafiki upande ule wa bonde, wa pili kwa shemeji, ili ugonjwa au wavamizi wakifika huku, kule kubaki mbegu. Mwenye kufuga alipata maziwa, na mwenye mali alibaki na haki ya uzao. Vijana walikuwa wameanza kuiona desturi hiyo kuwa ni kujitakia ugomvi. Bikizee alikuwa amemweka ndama mmoja wa Mawingu kwa rafiki yake wa utotoni, karibu na Tindiret, bila kumwambia mtu isipokuwa mumewe. Baada ya matanga alikwenda huko kwa matatu. Alimkuta ndama amekuwa ng'ombe kamili, naye amezaa. Mashoga wale wawili waliketi kitako nyasini, wakazungumza mambo mengi yasiyohusu ng'ombe, na jioni wakakubaliana: mama abaki, mtamba arudi. Ukoo wa Madoa ukarejea bomani kwa njia ile ile aliyokuja nayo Madoa mwenyewe, kwa kuswagwa, ingawa safari hii ilikuwa fupi.

Uzao wa mtamba huyo ulisomesha watu. Mfumo wa kuchangia gharama ulipoingia katika vyuo vikuu vya umma mwanzoni mwa miaka ya 1990, familia nyingi za mashambani ziligundua kwamba akiba yao pekee ilikuwa na miguu minne. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa mwaka 1995, na mkopo wake ulisaidia. Hata hivyo, ada ya muhula wa kwanza, godoro, na nauli havikuweza kuusubiri mkopo. Fahali alikwenda mnadani Januari. Maksai alikwenda Septemba. Mitamba haikuuzwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya bikizee: dume ni pesa, jike ni nyumba.

Miaka ikapita hivyo hadi alipobaki ng'ombe mmoja, jike, mweusi kiasi cha kuonekana wa buluu juani. Shamba lilikuwa limegawanywa mara mbili na lilikuwa linakaribia kugawanywa mara ya tatu. Malisho yalikuwa ukanda wa nepia pembeni mwa njia. Wana wawili wa kiume walikuja na hoja nzito, na haitakuwa haki kuwadhihaki. Mama yao alikuwa amekaribia miaka themanini, magoti yake yalikuwa mabovu, na hapakuwa na wa kukata nyasi. Mjukuu mmoja wa kike alikuwa ameitwa chuo kikuu kusomea ualimu wa Kiswahili na historia, na ada ilihitajika. Ng'ombe alikuwa na bei nzuri. Dalali aliletwa bomani siku ya Jumanne, mtu wa kutoka mbali asiyejua Kinandi, akamzunguka ng'ombe mara tatu, akamkanda ubavu, akamfungua kinywa kutazama meno. Wana walikwisha kukubaliana naye bei. Bikizee alitoka jikoni akiegemea mkongojo, akasimama kati ya dalali na kamba, na kwa kuwa alitaka mgeni huyo aelewe bila mkalimani, alisema kwa Kiswahili chake cha kituoni:

“Hakuna mtu atauza ng'ombe yangu.”

Mjukuu yule alikuwapo. Naye, kama mwanafunzi yeyote aliyefaulu sarufi, alilisikia kosa kabla ya kulisikia tamko. Kanuni ni wazi. Nomino za wanyama hufuata upatanisho wa ngeli ya A-WA, na kimilikishi chake katika umoja ni wangu: ng'ombe wangu, mbwa wangu, paka wangu. Ni nomino za jamaa na uhusiano zinazoiasi kanuni hiyo na kuchukua yangu: mama yangu, dada yangu, shangazi yangu, rafiki yangu. Kila mwalimu huwakumbusha wanafunzi wake tofauti hiyo, na kila mtahini huikatia alama. Bila shaka bikizee hakukusudia chochote cha kisarufi. Kiswahili alijifunza kwa makarani na wachuuzi, na watu wengi wa bara husema hivyo wanapozungumzia hata kiti. Ingekuwa ni kupotosha mambo kumgeuza kuwa mwanafalsafa wa lugha. Lakini kosa hilo, kwa bahati, lilimweka ng'ombe mahali alipokuwa miaka yote katika nyumba hiyo, safu moja na mama, na dada, na rafiki wa utotoni kule Tindiret. Kanuni sahihi ingemweka pamoja na paka.

Dalali aliondoka. Wana walinyamaza, kisha wakakasirika, kisha mkubwa wao akamwuliza kwa upole, “Mama, na ada ya mtoto?”

Bikizee hakujibu siku hiyo. Alikaa siku nne. Siku ya tano alimwita mjukuu na mwanawe mkubwa, akawaambia kwamba ng'ombe atauzwa, ila si na dalali wala mnadani. Angeuzwa kwa binti ya yule shoga yake, ambaye mama yake alikwisha kufariki. Bei ingekuwa pungufu kidogo. Kwa kuwa ng'ombe alikuwa na mimba ya miezi mitano, ndama akiwa jike angekuwa wa mjukuu, nao wangemlea huko hadi atakapotakiwa. Fedha zingekuwa za ada. Mwana mkubwa alipiga hesabu kichwani, akaona pengo la shilingi elfu kadhaa, akaahidi kuliziba. Alikuwa mtu mwema; ni vile tu hakuwahi kufikiria kwamba mama yake angeweza kuuza.

Usiku wa kuamkia safari, maziwa ya jioni yalikamwa kama kawaida. Mjukuu alitoa daftari la chuo, jipya, akamwomba nyanya yake amtajie ng'ombe wote wa ukoo huo tangu Madoa. Walianza saa mbili. Kila jina lilikuja na watu wake: nani alikuwa na mimba, nani alikuwa jela, nani aliinunua baiskeli. Njiani yalijitokeza maneno ambayo mjukuu aliyajua kwa Kinandi tu, na alipoyatafuta kwenye kamusi baadaye aliyakuta kwa Kiswahili yakimsubiri: mtamba, koo, njeku, dang'a. Hilo la mwisho, maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, hakuwahi kulisikia darasani hata mara moja, ingawa aliyanywa utotoni kila mwaka. Humo pia alilikuta neno sotoka. Ugonjwa huo ulitangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani kote. Neno limebaki bila maradhi. Dang'a ingalipo kila ng'ombe azaapo, ila wasemaji wa neno lake ndio wanaopungua.

Orodha ilifika majina kumi na moja, kuanzia Madoa hadi huyo mweusi aliyekuwa akipumua nje kando ya ukuta. Mjukuu alimsomea nyanya yake kutoka juu hadi chini. Bikizee alisikiliza akiwa amefumba macho, na msomaji alipomaliza, akasema kwamba mmoja hayumo.

“Yupi, kogo?”

“Mtamba wa Mawingu. Yule aliyekufa siku ya nne.”

Mjukuu alieleza kwamba huyo hakuzaa, na orodha ilikuwa ya mama na uzao wao. Mstari ulipita kwa ndugu yake aliyekuwa Tindiret. Bikizee alisema anajua mstari ulipita wapi. Alitaka aandikwe. Mjukuu alichora mshale pembeni mwa jina la Mawingu, akauliza aliitwaje. Bikizee alifikiri kwa muda mrefu. Alikuwa bado hajapewa jina, alisema. Walikuwa wakingoja azae kwanza. Basi akaandikwa kwa rangi yake, mwekundu mwenye mkia mweupe, na mjukuu akaufunga ukurasa kwa sababu taa ilikuwa imeanza kufifia.